Kubadilisha polaraiza ya kioo cha LCD bila kuishia na picha ya negativu (mwongozo kamili)

Mwezi huu nimeletewa monita mbili na TV moja, zote kesi moja. Mtu kabandua ile nailoni ya kioo iliyoungua (ndo polaraiza yenyewe), kaenda Kariakoo kanunua mpya, kabandika safi kabisa bila povu hata moja, kawasha, picha negativu. Mmoja alikuwa anaangalia Simba na Yanga: uwanja wa pinki, Simba wamevaa bluu ya bahari, refa mweusi kawa mweupe. Mama mwenye TV akaniuliza, "Fundi, hawa watu mbona kama mizimu?"

Na mimi nimeshafanya hivyohivyo zamani, tena mara mbili kwenye kioo kimoja, kwahiyo simcheki mtu.

Shida ni kwamba watu wanaibandika kama tinti ya gari. Tinti ukiigeuza juu chini inabaki tinti. Hii nailoni ina upande, ina mwelekeo, na mwelekeo wake lazima ukubaliane na kitu ambacho kiko ndani ya kioo na hukioni. Nitaeleza nikifika hapo.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla hujagusa bisibisi

- Polaraiza mpya, kubwa kuliko kioo (ukubwa gani hasa, subiri Hatua ya 5, usikimbilie kununua)
- Miwani ya jua yenye polaraiza ya kweli, au kipande kidogo cha polaraiza ya zamani. Hii ndo testa yako
- Maka peni, rula ndefu ya chuma, kisu cha kukatia chenye wembe mpya
- Draya ya nywele ya saluni
- Alkoholi ya isopropili au spiriti safi ya duka la dawa
- Vitambaa laini visivyotoa nyuzi, fulana ya pamba iliyofuliwa mara nyingi inafaa
- Wembe mpya, na kadi ya plastiki ya zamani iliyozungushiwa kitambaa
- Tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi
- Chupa ya kupulizia maji

Petroli na thina viache huko huko gereji. Thina inakula plastiki za fremu na zile karatasi za mwanga nyuma ya kioo. Petroli na draya kwenye chumba kimoja, malizia mwenyewe.

## Hatua ya 1: Hakikisha ugonjwa ni wa nailoni kweli

Nailoni iliyokufa ina dalili zake: madoa ya njano au kahawia kama ya moto, hasa katikati au pembeni karibu na taa, mapovu, maganda yanayoinuka, mikwaruzo. Nyingine ukiisogelea inanuka siki. Sio utani, tabaka za kinga za nailoni hii zimetengenezwa kwa asetati ya selulosi, na ikikaa kwenye joto na unyevu miaka mingi inavunjika na kutoa asidi ileile ya siki. Sisi wa Dar na joto letu la Februari na hewa ya bahari tunaijua vizuri hiyo harufu hata kama hatukujua jina.

Ukiona haya yafuatayo, acha, nailoni haitakusaidia: mistari iliyonyooka ya wima au ya mlalo (hiyo ni nyaya na saketi za pembeni), doa jeusi kama wino lililoanzia kwenye ufa (kioo chenyewe kimevunjika na likwidi kristali, ule umajimaji wa ndani, imevuja), au picha yenyewe kuwa giza huku sauti ipo (angalia taa za nyuma).

Umefaulu hatua hii kama unaweza kusema kwa uhakika: picha ni nzima, kinachoharibu ni ngozi ya juu.

## Hatua ya 2: Tafuta mhimili (mwelekeo ambao nailoni inapitisha mwanga) KABLA ya kubandua chochote

Hapa ndo wote mnapoangukia, kwahiyo nitakaa kidogo.

Ndani ya kioo cha LCD kuna vioo viwili vyembamba, na katikati yao kuna likwidi kristali yenye unene wa mikrometa 3 hadi 5 hivi, unywele wako ni mnene zaidi ya mara kumi ya hapo. Molekuli zake ni ndefu kama njiti za kiberiti. Zinamiminika kama mafuta lakini zinapenda kulala upande mmoja, na kinachoziambia zilale wapi ni uso wa kioo wanapokutana. Kwenye vioo vingi kiwandani wanapaka tabaka jembamba sana la plastiki ya polimidi halafu wanalisugua na kitambaa chenye manyoya kama mahameli, kuelekea upande mmoja. Njiti zinazogusa uso huo zinalala kufuata msuguo, na za jirani zinafuata za jirani mpaka katikati.

Kwenye aina ya TN (laptop nyingi za zamani, monita za bei rahisi, kalkuleta) uso wa juu umesuguliwa kwa pembe ya digrii 90 na wa chini, kwahiyo njiti zinajizungusha kama ngazi ya mzunguko kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Mwanga ukipita unazungushwa nazo. Ukipeleka umeme njiti zinasimama, ngazi inapotea, mwanga haugeuki tena. Ukikata umeme, kuta zinazivuta zirudi zilipokuwa.

Sasa jicho la mtu halioni mwanga umegeuka au haujageuka. Anayeona ni polaraiza. Nailoni hiyo ni plastiki iliyonyweshwa ayodini na kuvutwa upande mmoja, mwanga unaotikisika kufuata mvuto unamezwa, unaotikisika kukatisha mvuto unapita. Kwahiyo nailoni ni nusu tu ya kufuli, nusu ya pili ni zile kuta zilizosuguliwa ndani pamoja na nailoni ya nyuma ya kioo. Ukikosea kwa digrii 90, kila kilichotakiwa kupita kinazuiwa na kilichotakiwa kuzuiwa kinapita. Ndo negativu hiyo. Ukikosea kwa digrii 45 ni mbaya zaidi, nyeupe na nyeusi zote zinapita nusu nusu na huoni picha kabisa, kioo kimepauka tu kama ukungu. Wengi wakiona hivyo wanasema "nimeua kioo", wanakitupa. Kizima kabisa, kimewekewa nailoni ya digrii isiyo yake.

Jinsi ya kupima:

Kwanza ijue testa yako. Nenda mahali penye mng'ao wa mwanga juu ya kitu laini kilicholala, vigae vya sebuleni karibu na dirisha au maji pale Feri ukisubiri pantoni. Mng'ao unaotoka kwenye maji au kigae kwa kuangalia kwa mshazari (sio moja kwa moja chini) umeshachujwa na uso wenyewe, unatikisika zaidi kwa mlalo. Shika kipande chako, kizungushe polepole mbele ya jicho moja. Pale mng'ao unapopotea na unaanza kuona chini ya maji, mhimili unaopitisha mwanga umesimama wima. Chora mstari kwa maka. Miwani ya polaraiza imeshatengenezwa hivyo, inapitisha wima.

Pili, washa TV au monita, weka picha nyeupe, nailoni ya zamani ikiwa bado ipo. Weka testa mbele ya kioo, zungusha mpaka panapokuwa peusi kabisa. Tumia peusi, usitumie peupe, kwa sababu jicho linakamata giza kwa usahihi zaidi kuliko kukisia "hapa ndo pameng'aa zaidi". Kwenye giza hilo mhimili wa testa umekatisha wa kioo kwa digrii 90. Kwahiyo mstari wa maka ukiwa wima, kioo ni mlalo. Ukiwa umelala saa saba na nusu kwenye uso wa saa, kioo ni saa kumi na nusu.

Tatu, chora kwenye karatasi: kioo ukikiangalia kwa mbele, na mshale wa mhimili. Andika MBELE kwa herufi kubwa. Usiamini kichwa.

Mara nyingi TN itakuja digrii 45 au 135, na vioo vya IPS na VA (TV nyingi za sasa) vitakuja wima au mlalo. Nasema mara nyingi. Pima.

Umefaulu: una mchoro ambao hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuusoma.

## Hatua ya 3: Zima, fungua

Chomoa waya ukutani. Sio kuzima kwa rimoti, chomoa. Kwenye pauasaplai kuna kapasita inayobeba zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa, na zile monita za zamani zenye taa za mirija ubao wake unatoa hata zaidi ya hapo kuwasha taa. Subiri dakika kumi, na usipitishe vidole kwenye bodi hiyo hata hivyo.

Toa fremu ya mbele. Kioo kibaki kimekaa juu ya boksi lake la mwanga, kilale juu ya meza tambarare yenye blanketi, uso juu. Vile vioo viwili kila kimoja ni kama nusu milimita tu, ukikishika kona moja kinajikunja kwa uzito wake chenyewe na hapo umemaliza kazi.

Bandika tepu ya karatasi kuzunguka kingo zote, hasa upande wenye zile nyaya bapa za kahawia. Huko hakuna spiriti, hakuna wembe, hakuna kucha.

Ukibonyeza kioo kikiwa kimewaka utaona rangi zinakimbia kama mafuta juu ya dimbwi. Umepunguza nafasi ya mikrometa chache na njiti zimeyumba, ukiachia kuta zinazirudisha. Ukibonyeza sana haziwezi kurudi. Usijaribu, nimeshakuambia kinachotokea.

## Hatua ya 4: Bandua ya zamani na umalize gundi

Pasha kona moja kwa draya, joto ambalo kiganja kinavumilia kwa taabu, lisizidi hapo. Sogeza draya kila wakati, joto la kukaa sehemu moja linapasua kioo. Wengine wanaogopa joto litaua likwidi kristali: ukizidisha kweli njiti zinapoteza mpangilio, lakini zikipoa zinajipanga upya kwa kuwa kuta bado zina msuguo wake. Kinachokufa kwa joto kali ni kioo chenyewe na gundi ya kingo.

Inua kona kwa kucha au plastiki, halafu vuta ukirudisha nailoni nyuma juu ya mgongo wake, karibu inalala juu ya kioo. Ukivuta kuelekea juu unainua kioo. Taratibu, sentimita moja, unapasha, sentimita moja. TV ya inchi 32 inaweza kukula saa nzima na mkono utauma, ni kawaida. Ya zamani iliyokauka itakatika vipande vipande, vumilia.

Hifadhi kipande chenye kona nzima na uandike juu yake upande wa mbele na upande wa juu.

Halafu gundi. Loweka kitambaa kwa spiriti (kiwe na unyevu, kisidondoke), kilaze juu ya gundi dakika mbili tatu, kisha sukuma na kadi. Iliyogoma tumia wembe uliolala karibu sawa na kioo. Usimimine maji wala spiriti moja kwa moja, itakimbilia kingo na kuingia kwenye karatasi za mwanga chini, na doa la huko halitoki.

Sasa kipimo ninachokipenda. Dondosha tone moja dogo la maji safi katikati ya kioo, chuchumaa uangalie kwa pembeni. Tone likikaa limevimba kama shanga, bado kuna mafuta au gundi, uso unayakataa maji. Likitambaa na kuwa bapa jembamba, uso ni safi, na gundi ya nailoni mpya nayo itaushika vivyo hivyo. Kausha. Halafu pumua juu ya kioo sehemu mbalimbali: ukungu uwe sawa kila mahali. Ukiona alama ya kidole kwenye ukungu, rudi nyuma.

Raha nyingine ya hapa (kama una moyo): unganisha kwa sekunde kadhaa uwashe. Utaona kioo cheupe tupu, hakuna picha. Vaa miwani ya polaraiza, inamisha kichwa mpaka ilingane na mhimili wa mchoro wako, picha imo! Inua miwani, imeondoka. Nilivyoona mara ya kwanza niliita nyumba nzima.

## Hatua ya 5: Kununua na kukata

Ukienda dukani chukua mchoro na testa. Stika ya "45" au "0" isikuamulie, wengine wanaandika mhimili unaopitisha na wengine unaomeza, na wengine hawajui wanachouza. Weka testa juu ya nailoni ya dukani, zungusha mpaka giza, utajua mwenyewe.

Na hapa mtego mkubwa kuliko yote. Nailoni ya digrii 45 ukiigeuza uso chini inakuwa 135. Chora mstari wa mshazari kwenye karatasi, igeuze uuangalie kwa nyuma dhidi ya mwanga, umelala upande wa pili, ni hivyohivyo. Kwahiyo kila unapopima, upande wa gundi uwe umekupa mgongo, kama utakavyoibandika. Nailoni ina ngozi mbili za kinga: inayotoka na kuacha gundi ndo upande wa kioo. Inua kona milimita tano tu ujue, usibandue. Ya digrii 0 ukiigeuza haibadiliki, ila ukiizungusha robo mzunguko umeharibu.

Kama umepata ya 0 na kioo chako ni cha 45, unaweza kukata kwa mshazari lakini inakula nailoni. Jumlisha upana na urefu, gawanya kwa 1.414, ndo kila upande wa kipande unachohitaji. Laptop ya inchi 15.6 ina kioo cha sentimita 34.5 kwa 19.4: jumla 53.9, ukigawanya unapata 38.1. Unahitaji kipande cha sentimita 38.1 kwa 38.1 angalau. Mtu kanunua kipande cha A4 kwa ajili ya laptop, jamani.

Usahihi wa mkato: ukikosea digrii 5, nyeusi inavujisha karibu asilimia 0.76 ya mwanga. Inasikika ndogo, lakini kioo cha utofauti wa 1000 kwa 1 (nyeupe inang'aa mara 1000 ya nyeusi) kinashuka mpaka kama 115 kwa 1, yaani usiku kwenye muvi unakuwa alfajiri. Ukikosea digrii 1 huwezi kugundua kwa macho. Kwenye upana wa sentimita 34.5, digrii 1 ni milimita 6 mwisho wa rula, kwahiyo ukibaki ndani ya milimita 5 upo salama.

Umefaulu: kipande kimewekwa juu ya kioo kilichowaka, bado kina ngozi zake zote, na picha ni ya kawaida. Kama ni negativu, SIMAMA HAPO, hakiki upande wa gundi na mwelekeo, bado hujabandika.

## Hatua ya 6: Chumba

Zima pangaboi, funga madirisha. Pulizia maji hewani, subiri dakika kumi vumbi lishuke. Chumba cha ndani ni bora kuliko kibaraza, na kama mnajenga jirani, siku hiyo acha.

Vumbi moja usiloliona linainua nailoni na kutengeneza duara la hewa la milimita kadhaa. Hewa hiyo inaonekana kama fedha kwa sababu kila mwanga unapotoka kwenye kioo kuingia hewani karibu asilimia 4 inarudi. Gundi ikishika vizuri inakaribiana na kioo kwa namna inavyopindisha mwanga, kwahiyo mpaka unapotea machoni.

## Hatua ya 7: Kubandika

KAVU. Najua mafundi tinti wanatumia maji ya sabuni, hapa usithubutu. Maji yakiingia kingoni yanakutana na ile plastiki yenye ayodini, na baada ya miezi utaona pembeni panapauka.

Bandua ngozi ya gundi sentimita mbili tu upande mmoja, lingana na kona mbili, shikisha. Halafu mkono mmoja unavuta ngozi chini polepole, mwingine unasukuma kadi kutoka katikati kwenda nje. Mtu wa pili ashike nailoni isianguke yenyewe. Ukiona vumbi limeingia inua hapo hapo, litoe kwa kipande cha seloteipu, endelea. Ukishafika mwisho umechelewa.

## Hatua ya 8: Washa

Picha kawaida, nyeusi nyeusi kweli: rudisha fremu. Kwenye TN unaweza kuona rangi zinageuka kidogo ukikaa pembeni kuliko zamani, hiyo ni kwa sababu nailoni ya kiwandani mara nyingi ina tabaka la ziada la kurekebisha pembe, na ya dukani haina. Mwambie mteja mapema kabla hajalipa.

Negativu: umegeuza uso au umezungusha robo. Imepauka bila picha: digrii sio zake. Vyote viwili unabandua na kuanza na kipande kingine, gundi haitumiki mara mbili.

Povu dogo kama kichwa cha pini liache siku moja mbali na jua, mengi yananyweka yenyewe. Ngozi ya juu ya kinga itoe mwisho kabisa, fremu ikiwa imesharudi. Mabaki yenye mistari ya maka yatie kwenye bahasha kavu, ndo testa ya kioo kinachofuata.